Utepe wa Thuwayba

Muuguzi wa zahanati hapa Ibra hakunipa dawa.
Alinipa kikaratasi: shingo, kiuno, urefu,
na neno moja chini yake: nyumbani.

Nimekaa mizanini miaka ishirini na sita,
barabara ya Sur, nikipima malori ya kokoto.
Nazijua hila zote za madereva:
anayeacha gurudumu moja nje ya mizani,
anayemwaga maji ya tangi nyuma ya kibanda,
anayeniapia kwa mama yake kwamba ni vumbi tu.
Niliwarudisha. Sikuwa na huruma na tani.

Leo nimesimama sebuleni, fulana nimeipandisha kifuani,
kiyoyozi kinanipulizia kitovu,
na Thuwayba amepiga magoti na utepe wake wa cherehani,
ule wa manjano, uliopima kanzu yangu ya harusi.

Anaanza na shingo. Chini ya kongomeo,
utepe uinamie mbele kidogo.
Thelathini na tisa.
Kisha ananizungushia mikono, anautafuta ncha yake mgongoni,
shavu lake limegusa tumbo,
na sote wawili kimya,
maana hatujasogeleana hivi tangu mjukuu ahamie chumbani kwetu.

"Mia na mbili."
Ananitazama kutoka chini.
"Pumua, Muhsin."
"Napumua."
"Toa pumzi. Umelibana kama mtu aliyeiba tikiti."
Nikaliachia.
Mia na sita.
Gurudumu langu lilikuwa nje ya mizani.

Hili tumbo si la jana.
Mna halwa ya Idi arobaini humu, mna shuwa ya kwa shemeji,
mna mkate wa kumimina wa kila Alhamisi
ambao mama alitoka nao Unguja kichwani, bila kipimo.
Kuna watu waliniita sheikh kwa sababu yake tu,
nami sikuwasahihisha.

Binti yetu Shinuna akafanya hesabu kwa simu kutoka Salala:
kiuno toa shingo, kisha logi,
neno nililoliacha skuli na sikulirudia tena.
"Thelathini na moja na ushei, baba. Katika kila mia."
Nikaiona theluthi yangu imesimama kando, imevaa viatu vyangu.
"Ni makisio tu," akasema. "Usikonde."
Kisha akalisikia alilolisema, akacheka hadi simu ikakatika.

Usiku Thuwayba akaulaza utepe kando ya rula ya chuma.
Mita ya utepe ikaipita mita ya rula kwa vidole viwili vyembamba.
"Umevutika," akasema. "Joto hili, na mikono yangu."
"Tangu lini?"
"Tangu mwaka wa kimbunga."
"Umejua siku zote? Na kanzu za watu?"
"Nani aliwahi kulalamika kwamba kanzu yangu inambana?"

Hakuna. Nusu ya mtaa wamevaa uongo wake mpole,
wanaenda nao msikitini, wanakaa vizuri.

Utepe mpya haukufika hata riali moja.
Shingo arobaini. Kiuno mia na nane.
Thelathini na mbili.
Nimeiandika kwa penseli pembeni mwa friji:
kila Ijumaa, kabla ya chai, pumzi nje.
Ule wa zamani hakuutupa. "Huu wa daktari," akasema,
"ule wa Idi."
Nikataka nimpime na yeye, wanawake wanaongezewa nyonga,
akanipiga kofi la mkono.
"Hesabu yangu anayo Mola."

Sasa baada ya Alfajiri nazunguka ukingo wa wadi
kabla jua halijashika mawe.
Leo lori la kokoto limenipita polepole.
Nilitazama matairi yake tu: limezidi, tani mbili, pengine tatu.
Dereva akapunguza mwendo, akanitazama
kama anayeikumbuka sura.
Nikampungia mkono apite.